Fahamu: Sonona ya Wazee na Kipimo cha Damu

Mzee wa Ngamiani, jijini Tanga, aliyezoea kukaa barazani baada ya laasiri na kikombe chake cha kahawa, akianza kujitenga, kukosa usingizi na kulalama kwamba mwili umechoka, jamaa zake husema ni uzee tu. Kumbe huenda ikawa ni sonona, nayo ni maradhi yenye tiba. Wataalamu wamebaini ya kuwa baadhi ya wazee wenye sonona huwa na kiwango kikubwa cha CRP, protini itengenezwayo na ini wakati wa mchochota, yaani mwili unapopambana na maradhi au jeraha. Walakini kipimo cha damu cha CRP peke yake hakithibitishi sonona, kwa kuwa malaria, kidonda cha kisukari, baridi yabisi na hata unene huipandisha CRP vilevile. Katika jaribio la Marekani la mwaka 2013, dawa ya kutuliza mchochota haikuwafaa wagonjwa wa sonona kwa jumla, ila ilielekea kuwafaa wale ambao CRP yao ilikuwa juu. Basi, ewe msomaji, mpeleke mzazi wako mwenye dalili hizo Hospitali ya Bombo, jijini Tanga, au zahanati iliyo karibu, akaulizwe habari za moyo wake kwa taratibu na staha.