Baada ya Mahafali: Namna ya Kusoma Mafanikio ya Shule za Sekondari Mbeya na Iringa

Na Mwandishi Wetu, Mbeya

Mwaka wa masomo katika shule za sekondari za Mikoa ya Mbeya na Iringa hufikia ukingoni wakati mvua za msimu zikiwa zimeanza na wakulima wa Nyanda za Juu Kusini wakiwa katika kupanda mahindi na viazi. Katika majuma hayo hayo, wakuu wa shule husoma taarifa za mwaka mbele ya bodi za shule na wazazi. Wanafunzi wa Kidato cha Pili huwa wamemaliza Upimaji wa Kitaifa, na wale wa Kidato cha Nne, waliofanyiwa mahafali mapema, huwa wamekwishaweka kalamu chini na kurudi nyumbani.

Taarifa hizo hutaja mambo mengi: ufaulu wa mwaka uliopita, zawadi za taaluma, vikombe vya UMISSETA, maabara iliyokamilika, bweni linalojengwa. Yote hayo ni habari njema. Hata hivyo, mzazi anayesikiliza anahitaji kujua habari ipi inamgusa mtoto wake moja kwa moja, na afanye nini kati ya Desemba na Julai ili nafasi ya mtoto huyo isipotee. Makala haya yanalenga kufafanua mambo hayo mawili.

Orodha ya shule kumi bora haipo tena

Kwa miaka mingi, kipimo kilichozoeleka cha mafanikio ya shule kilikuwa orodha iliyotangazwa na Baraza la Mitihani la Tanzania (NECTA) pamoja na matokeo. Nyanda za Juu Kusini zilikuwa na sehemu ya heshima katika orodha hiyo. Shule ya Sekondari ya Wasichana St. Francis ya Mbeya ilishika nafasi ya kwanza kitaifa katika Mtihani wa Kidato cha Nne wa mwaka 2017 na ule wa mwaka 2018, na katika miaka hiyo yote miwili Bethel Sabs Girls ya mkoani Iringa ilikuwa miongoni mwa shule kumi bora.

Januari 2023, wakati wa kutangaza matokeo ya mtihani wa mwaka 2022, Baraza lilieleza kuwa halitatangaza tena shule bora wala wanafunzi bora. Hoja iliyotolewa ni kwamba kushindanisha shule zenye mazingira tofauti hakuna tija. Shule inayochagua wanafunzi wake kwa mtihani wa kujiunga na kuwalaza wote bwenini haiwezi kuwekwa katika mizani moja na shule ya kata inayopokea kila mtoto aliyefaulu Darasa la Saba katika vijiji vinavyoizunguka.

Uamuzi huo umemwongezea mzazi wajibu. Zamani alisubiri kuambiwa shule ipi imeongoza. Sasa anapaswa kuisoma taarifa ya shule yake mwenyewe na kuielewa. Matokeo ya kila shule bado huwekwa wazi katika tovuti ya Baraza, na yeyote anaweza kuyatazama.

Kufaulu na ubora wa ufaulu

Jambo la kwanza la kuelewa ni maana ya neno "kufaulu". Katika Mtihani wa Kidato cha Nne, mtahiniwa hupangiwa daraja kwa kujumlisha pointi za masomo saba aliyofanya vizuri zaidi. Alama A huhesabiwa pointi 1, B pointi 2, C pointi 3, D pointi 4 na F pointi 5. Mwenye jumla ya pointi 7 hadi 17 hupata Daraja la Kwanza, 18 hadi 21 Daraja la Pili, 22 hadi 25 Daraja la Tatu, na 26 hadi 33 Daraja la Nne. Pointi 34 na 35 ni sifuri.

Shule inaposema asilimia fulani ya wanafunzi wake wamefaulu, huwa imejumlisha madaraja yote manne. Katika mtihani wa Novemba 2024, ambao matokeo yake yalitangazwa Januari 2025, ufaulu wa kitaifa ulifikia asilimia 92.37 kutoka asilimia 89.36 ya mwaka uliotangulia. Hayo ni maendeleo ya kujivunia. Lakini waliopata Daraja la Kwanza hadi la Tatu walikuwa takriban asilimia 43. Takwimu hizo mbili zote ni sahihi, na kila moja inajibu swali lake. Ya kwanza inaeleza ni wangapi wanastahili cheti. Ya pili inaonesha ni wangapi wana ufaulu unaowapa uwanja mpana wa kuchagua hatua inayofuata. Mzazi akitajiwa moja, aulize na ya pili.

Jambo la pili ni kwamba daraja linaweza kuficha somo. Tuchukue mfano wa kubuni. Mwanafunzi amepata A katika Kiswahili, B katika Jiografia na Historia, C katika Kiingereza, Uraia na Biolojia, D katika Kemia, na F katika Hisabati. Masomo saba bora yanampa pointi 18, yaani Daraja la Pili, na F ya Hisabati haimo katika hesabu. Familia itashangilia, na ina haki ya kushangilia. Hata hivyo, njia ya tahasusi inayohitaji Hisabati imefungwa kwake. Kwa kuwa kitaifa ni takriban robo tu ya watahiniwa wanaofaulu Hisabati, mfano huu unawahusu wengi. Taarifa nzuri ya mwisho wa mwaka ni ile inayoonesha ufaulu somo kwa somo na kueleza hatua zinazochukuliwa kwa masomo yaliyo nyuma.

Aidha, anayelinganisha takwimu za mkoa kwa miaka mingi akumbuke kuwa mipaka imebadilika. Njombe ilikuwa sehemu ya Iringa hadi mwaka 2012, na Songwe ilikuwa sehemu ya Mbeya hadi mwaka 2016. Kupanda au kushuka kwa mkoa kabla na baada ya miaka hiyo si kipimo cha haki bila kuzingatia mabadiliko hayo.

Walioanza ni wangapi, waliomaliza ni wangapi

Swali ambalo halisikiki sana siku ya taarifa ndilo lenye uzito mkubwa: kati ya wanafunzi walioandikishwa Kidato cha Kwanza, ni wangapi waliokaa katika chumba cha mtihani miaka minne baadaye? Shule inaweza kuwa na asilimia 100 ya ufaulu kwa sababu imewafundisha vizuri wote, au kwa sababu waliokuwa nyuma hawakufika kwenye mtihani. Asilimia pekee haiwezi kutofautisha mambo hayo, rejesta inaweza.

Swali hili limekuwa la msingi zaidi kadiri elimu ya sekondari ilivyopanuka. Shule ya Malangali, wilayani Mufindi, ilipoanzishwa mwaka 1928, nafasi za masomo zilikuwa za wachache mno. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari (MMES) ulioanza mwaka 2004 ulieneza shule za kata nchini kote. Januari 2016 Serikali iliondoa ada kuanzia Kidato cha Kwanza hadi cha Nne, na mwaka 2022 ikapanua utaratibu huo hadi Kidato cha Tano na cha Sita. Leo kazi kubwa ni kuhakikisha kuwa mtoto aliyeingia shuleni anabaki hadi mwisho.

Mwanafunzi huacha shule kwa sababu zinazojulikana: umbali wa kutembea kila siku katika maeneo ya milimani, kazi za msimu katika mashamba ya mpunga, chai au mbao, kuchunga mifugo, ndoa na ujauzito. Kwa wale ambao masomo yao yalikatizwa, wakiwemo wasichana waliopata ujauzito, Waraka wa Elimu Na. 2 wa mwaka 2021 umefungua mlango wa kurejea katika mfumo rasmi. Shule inayotaja katika taarifa yake idadi ya waliorejea inatangaza mafanikio yanayostahili makofi kama yale ya Daraja la Kwanza.

Kwa wanafunzi wa Kidato cha Pili, matokeo ya Upimaji wa Kitaifa hutoka Januari. Asiyefikia kiwango hurudia kidato hicho. Kurudia darasa kumewekwa ili mwanafunzi ajenge upya msingi wake. Hatari iliyopo ni mwanafunzi kuona aibu na kutorudi kabisa shule inapofunguliwa. Mzazi na mwalimu wa darasa wanapaswa kuzungumza naye mapema, kabla hajajiamulia peke yake.

Miezi ya kusubiri

Mhitimu wa Kidato cha Nne humaliza mtihani Novemba, hupata matokeo Januari au karibu na hapo, na Kidato cha Tano huanza Julai. Ni takriban miezi minane. Katika kipindi hicho kijana hayumo katika rejesta ya shule yoyote, na ni hapo ambapo nafasi nyingi huponyoka.

Mkoa wa Iringa kwa muda mrefu umekuwa miongoni mwa maeneo ambayo wasichana huchukuliwa kwenda kufanya kazi za ndani Dar es Salaam na miji mingine. Wapo wanaoondoka Desemba kwa ahadi ya kutafuta nauli na mahitaji ya Kidato cha Tano. Kijana akiwa mbali, bila simu na bila mtu wa kumfuatilia, anaweza kuchaguliwa na asijue.

Hatua zenyewe si ngumu, lakini zina muda maalumu. Kwanza, familia ihifadhi namba ya mtihani ya mwanafunzi, kwa kuwa ndiyo inayotumika kutazama matokeo na kufuatilia uchaguzi. Pili, baada ya matokeo, Ofisi ya Rais – TAMISEMI hufungua mfumo wa Selform ili mwanafunzi ahakiki au abadilishe machaguo yake ya tahasusi na vyuo. Machaguo ya awali hujazwa kabla ya mtihani, kwa matarajio tu. Sasa yanaweza kulinganishwa na alama halisi. Tangu mwaka 2024 tahasusi zimeongezeka kutoka 16 hadi 65, hivyo ushauri wa mwalimu ni muhimu kuliko zamani. Tatu, ili kufikiriwa kujiunga na Kidato cha Tano, mwanafunzi anahitaji ufaulu wa A, B au C katika masomo yasiyopungua matatu, na masomo hayo yaendane na tahasusi anayoiomba. Nne, majina yakitangazwa, mwanafunzi apakue fomu ya kujiunga na kuripoti ndani ya muda uliowekwa. Asiyeripoti kwa wakati anaweza kupoteza nafasi yake, naye mwingine akapewa.

Katika mwaka mmoja huo huo, Serikali huwapanga wahitimu katika shule za Kidato cha Tano na pia katika vyuo vinavyotoa stashahada za fani mbalimbali. Kwa vijana wa ukanda huu, Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya (MUST) ni jirani, na Chuo cha Mafunzo ya Kilimo Uyole kipo ndani ya Jiji la Mbeya. Kupangiwa chuo hakuna maana ya kushindwa kwenda Kidato cha Tano.

Daraja la Nne si mwisho wa njia

Wahitimu wengi hupata Daraja la Nne, na kundi hili ndilo hutajwa kidogo zaidi siku za sherehe. Mwenye ufaulu wa angalau D katika masomo manne, bila kuhesabu masomo ya dini, anaweza kuomba kozi nyingi za astashahada katika vyuo vinavyosimamiwa na Baraza la Taifa la Elimu na Mafunzo ya Ufundi na Ufundi Stadi (NACTVET), kwa kuzingatia sifa za kila kozi. Vyuo vya VETA vipo Mbeya na Iringa, na Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, kama vile Ilula wilayani Kilolo na Katumba wilayani Rungwe, hufundisha stadi zinazotumika moja kwa moja kijijini. Anayetaka kurudia mtihani anaweza kujisajili kama mtahiniwa wa kujitegemea.

Mwelekeo wa elimu nchini nao unaipa njia hii hadhi mpya. Mtaala ulioanza kutekelezwa Januari 2024 umeweka mkondo wa amali sambamba na mkondo wa jumla kuanzia Kidato cha Kwanza. Kwa Mbeya na Iringa jambo hili lina mizizi: Iyunga na Ifunda ni miongoni mwa shule kongwe za sekondari za ufundi za Serikali, na mafundi waliopita katika karakana zake wamelitumikia Taifa kwa miongo mingi.

Maswali ya kwenda nayo shuleni

Mzazi anayehudhuria kikao cha kufunga au kufungua mwaka anaweza kuuliza maswali matano. Walioanza Kidato cha Kwanza walikuwa wangapi na waliofanya mtihani ni wangapi? Waliopata Daraja la Kwanza hadi la Tatu ni wangapi? Masomo gani yako nyuma, na nini kinafanyika? Wanaorudia Kidato cha Pili wanasaidiwaje? Wahitimu wa mwaka uliopita wako wapi sasa?

Swali la mwisho ndilo lenye manufaa ya haraka zaidi. Shule inayotunza orodha ya namba za simu za wazazi, ikawakumbusha kuhusu Selform na ikafuatilia nani ameripoti Julai, inahitaji daftari moja na mwalimu mmoja mwenye kulishughulikia. Bodi ya shule ikishirikiana na mtendaji wa kijiji au mtaa, kazi hiyo inakuwa nyepesi zaidi. Kwa binti aliyechaguliwa Kidato cha Tano huku akiosha vyombo katika nyumba ya mji wa mbali, simu moja kutoka kwa mwalimu wake wa darasa inaweza kutosha kumrejesha darasani.