Kabla ya kumlipa kachero amfuate mumeo

ILIKUWA Jumamosi moja adhuhuri shangazi yangu alipobisha mlangoni, akaingia, akaketi na kukataa chai. Msomaji, ukimwona mama aliyetoka safari ya matatu mbili akikataa chai, jua kuna jambo.

Alitaka kujua kama sisi watu wa magazeti tunawafahamu makachero wa kibinafsi. Kwa muda wa mwaka mzima, mumewe alikuwa akileta nyumbani mshahara uliopungua kwa karibu Sh9,000 kila mwezi. Akiulizwa, alinyamaza au kuchukua kofia yake na kutoka nje. Majirani walikuwa tayari wamempa shangazi jibu: kuna mwanamke mahali. Lisemwalo lipo, walimwambia.

Nilimwahidi kwamba ningeulizauliza. Hakungoja. Wiki hiyo hiyo aliona tangazo lililobandikwa kwenye mlingoti wa stima, kati ya lile la mganga wa kurudisha mapenzi na lile la gari la kunyonya maji taka. Zamu yake ya chama ilikuwa imefika. Zile Sh30,000 alizokusudia kununulia tangi la maji zikaingia mfukoni mwa kachero.

Walikutana katika hoteli moja karibu na steji. Hakupewa risiti wala karatasi yoyote. Baada ya siku nne, kachero alitaka Sh5,000 zaidi za mafuta ya gari. Kisha akaleta picha tatu. Zote zilionyesha mgongo wa mwanamume aliyevaa shati la samawati akiingia katika jumba la ghorofa. Shati lilifanana na la mumewe, lakini mashati ya aina hiyo yamejaa mitumbani.

Shangazi alipokosa pesa za kuongeza, kachero huyo alimpigia simu mumewe. Akamwambia kwamba kuna mtu anayemfuata, na kwamba kwa Sh10,000 angemtajia jina la aliyemtuma. Mzee akalipa. Usiku huo moto ukawaka katika nyumba ambayo haikuwa imesikia kelele kwa miaka 22.

Ukweli ulijitokeza mbele ya wazee wa ukoo. Mzee alikuwa amemdhamini nduguye kuchukua mkopo wa Sacco. Ndugu huyo alishindwa kulipa, akahama, na deni likaanza kukatwa kwenye mshahara wa mdhamini. Mzee aliona haya kusema. Makato hayo yalikuwa yameandikwa wazi kwenye hati ya mshahara iliyokuwa katika mfuko wa koti ambalo shangazi mwenyewe alilipiga brashi kila Jumapili kabla ya kwenda kanisani.

Usiharakishe kumcheka, msomaji. Wasiwasi ukikaa moyoni muda mrefu, mtu hulipa chochote ili apate kulala. Swali ni hili: kachero wa kibinafsi ni mtu wa aina gani hasa, anaweza kukufanyia nini, na ni wakati gani anafaa kulipwa?

Kazi ya zamani

Kazi hii si ngeni duniani. Huko Ufaransa, Eugène François Vidocq, mtu aliyewahi kufungwa jela kabla ya kuwa mkuu wa wapelelezi wa polisi mjini Paris, alifungua ofisi yake ya upelelezi mwaka wa 1833. Karibu mwaka wa 1850, Allan Pinkerton, mzaliwa wa Glasgow aliyehamia Marekani, alianzisha shirika lake mjini Chicago. Nembo yake ilikuwa jicho lililo wazi. Mnamo 1856 alimwajiri Kate Warne, mwanamke ambaye aliweza kukaa na wake za washukiwa na kusikia yale ambayo mwanamume asingeambiwa kamwe.

Sisi wasomaji wa Kiswahili tulimjua kachero kupitia Bwana Msa, yule mvuta kiko wa Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar, aliyetujia katika riwaya ya Mzimu wa Watu wa Kale mwaka wa 1960. Bwana Msa hutazama, huwaza, na mwishowe huwakusanya wahusika sebuleni na kufumbua fumbo lote.

Kazi yenyewe haina sebule. Sehemu kubwa ni kukaa ndani ya gari lililoegeshwa, jua likiwaka, kioo kikiwa wazi kidogo, ukiandika katika daftari: saa mbili na dakika kumi ametoka, saa mbili na nusu amepanda matatu. Huwezi kwenda msalani kwa sababu huenda atokee dakika hiyo hiyo. Siku sita kati ya saba, hakuna kinachotokea. Sehemu nyingine kubwa ni kupanga foleni katika ofisi za serikali na kusoma mafaili.

Nani huwaajiri

Wateja wakubwa wa makachero nchini Kenya si wake wala waume wenye wivu. Kampuni za bima huwatumia kuchunguza madai ya ajali ambazo hazikutokea, ama majeraha yaliyoandikwa kwa kalamu tu. Wapelelezi wa bima husajiliwa na Mamlaka ya Kudhibiti Bima. Mawakili huwatumia kutafuta mashahidi na kuwafikishia watu hati za mahakama. Benki hutafuta wadeni waliohama, na waajiri huthibitisha kama vyeti vya shule ni vya kweli.

Familia nazo zina haja zake. Kuna anayemtafuta ndugu aliyekwenda mjini akapotea. Kuna mzazi anayetaka kumjua mchumba wa binti yake kabla ya mahari kupokewa. Kuna mjane anayetaka kujua marehemu aliacha mali gani na wapi. Na kuna wanandoa.

Wengi wa wanaofanya kazi hii ni polisi na wanajeshi wastaafu, lakini si wote. Mhasibu anayeweza kusoma vitabu vya hesabu, mwanahabari anayejua kuuliza, au kijana aliyesomea masuala ya uhalifu chuoni anaweza kuifanya vyema. Kinachohitajika ni subira, kumbukumbu nzuri, mwandiko unaosomeka, na ulimi unaojua kunyamaza. Ukiwa mtu wa kupenda kusifiwa, tafuta kazi nyingine, kwani kachero anayetambulika mtaani hana kazi tena.

Sheria inasema nini

Hapa ndipo wengi huteleza. Sheria ya Kudhibiti Huduma za Ulinzi wa Kibinafsi ya 2016 haikuwagusa mabawabu pekee. Iliwataja wapelelezi wa kibinafsi pia, na ikaunda mamlaka ya kuwasajili na kuwapa leseni. Kwa hivyo anayechukua pesa zako kwa kazi hii bila kusajiliwa anavunja sheria kabla hata hajaanza kumfuata mtu.

Kachero wa kibinafsi si polisi. Hana uwezo wa kukamata zaidi ya ule alionao raia wa kawaida. Hawezi kuingia katika nyumba ya mtu na kupekua. Akijifanya afisa wa polisi ili aambiwe jambo, ametenda kosa la jinai.

Aidha, hana ruhusa ya kusikiliza simu za watu wala kusoma ujumbe wao. Kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010 kinalinda faragha ya kila mtu, yakiwemo mawasiliano yake, na hakisemi kwamba ukifunga ndoa unaipoteza. Chini ya Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mitandaoni ya 2018, anayeingia katika kompyuta au simu ya mwingine bila idhini anaweza kutozwa faini ya hadi Sh5 milioni, kufungwa jela hadi miaka mitatu, au yote mawili.

Kwa hivyo, kachero akikuahidi kwamba atakuletea ujumbe wote wa simu ya mumeo au orodha ya pesa alizotuma, simama na uondoke. Ama ni mwongo, ama anakuingiza katika uhalifu pamoja naye. Isitoshe, Kifungu cha 50 cha Katiba kinaitaka mahakama ikatae ushahidi uliopatikana kwa kukiuka haki za mtu, iwapo kuupokea kutaharibu haki katika kesi. Utakuwa umelipa pesa nyingi kwa karatasi ambayo huenda hakimu asiitazame.

Anachoweza kufanya kihalali ni kutazama yanayotendeka hadharani, kuzungumza na watu walio tayari kuzungumza, na kusoma rekodi zilizo wazi kwa umma.

Unayoweza kufanya mwenyewe

Nyingi ya rekodi hizo unaweza kuzitafuta wewe mwenyewe kwa ada ndogo. Ukitaka kununua ploti, upekuzi katika msajili wa ardhi utakuonyesha jina la mwenyewe na kama imewekwa rehani. Mtu akikuomba uweke pesa katika kampuni yake, hati iitwayo CR12 kutoka kwa Msajili wa Kampuni itakuonyesha wakurugenzi na wenye hisa. Gari nalo lina rekodi ya mmiliki kwa mamlaka ya uchukuzi, NTSA.

Kama hofu yako ni kwamba mchumba ana ndoa nyingine iliyosajiliwa, uliza katika ofisi ya Msajili wa Ndoa. Hata hivyo, kumbuka kwamba ndoa nyingi za kimila hazijawahi kuandikishwa. Hapo wa kuulizwa ni watu wa kijijini kwao, na shangazi mmoja mwenye akili hufanya kazi hiyo kuliko makachero kumi.

Ukiamua kuajiri

Pengine umetafuta mwenyewe ukashindwa, na jambo ni zito. Basi fuata taratibu hizi.

Kwanza, taka kuona leseni yake na ofisi yake. Nambari ya simu kwenye mlingoti si ofisi. Njia bora ni kupitia kwa wakili, ambaye anajua ni ripoti za nani zinazosimama mahakamani.

Pili, andikianeni mkataba. Useme ni jambo gani linalochunguzwa, kwa siku ngapi, malipo ni kiasi gani na hayatapita kiwango gani. Gharama za usafiri ziwemo. Kila shilingi ipewe risiti.

Tatu, taka ripoti iliyoandikwa, yenye tarehe, saa na mahali. Mkataba ueleze pia picha na maandishi yatabaki kwa nani kazi ikiisha, na kwamba hataruhusiwa kuyatoa kwa mwingine. Shangazi angekuwa na karatasi hiyo, angekuwa na la kumshtaki nalo mtu yule.

Nne, mtazame jinsi anavyokuuliza. Kachero mwaminifu atataka kujua kwa nini unamtafuta mtu fulani. Mwanamke aliyekimbia kipigo na kujificha na watoto hapaswi kutafutiwa mumewe kwa ajili ya Sh20,000. Anayekubali kila kazi bila kuuliza atakubali pia kazi dhidi yako.

Picha itabadilisha nini?

Tano, na hili ndilo kubwa, jiulize: nikishajua, nitafanya nini?

Wake wengi hudhani kwamba bila picha ya hotelini hawawezi kupata talaka. Sivyo. Sheria ya Ndoa ya 2014 inataja uzinzi kama sababu, lakini inataja pia ukatili, kutelekezwa, na ndoa kuvunjika kiasi cha kutorekebishika. Kuhusu mali, Sheria ya Mali ya Wanandoa ya 2013 inaangalia mchango wa kila mmoja, ikiwemo kazi ya nyumbani, malezi ya watoto na kulima shamba. Mnamo Januari 2023 Mahakama ya Juu ilisisitiza kwamba mgao hufuata mchango huo, wala si nusu kwa nusu moja kwa moja. Risiti za mabati uliyonunua zitakufaa mahakamani kuliko mgongo wa mtu mwenye shati la samawati.

Kama jibu lako ni kwamba ukijua utaketi naye mzungumze, basi mazungumzo hayo yanaweza kufanyika leo bila malipo. Kama unaogopa kumuuliza kwa sababu atakupiga, haja yako si kachero. Unahitaji mahali salama, polisi na wakili.

Ama shangazi yangu, hakuwahi kumpata tena mtu yule. Nambari ya simu ilizimwa, na tangazo kwenye mlingoti likafunikwa na mengine. Tangi la maji halijanunuliwa bado, kwa kuwa deni la Sacco lingali linakatwa.

Lakini kila mwisho wa mwezi, mzee hufika nyumbani, huitoa hati ya mshahara mfukoni na kuiweka mezani kando ya sahani yake, bila kusema neno. Shangazi huisoma, kisha huikunja. Aliniambia kwamba hadi leo hajui kama mumewe humwekea pale kwa kuomba radhi au kwa kumlaumu. Nilimwambia amuulize.