Frasila za Nyumba ya Safari

Mtu atokaye Mwanza kwa barabara ya Musoma, akafika Kisesa, yapata kilomita 20, kisha akaiacha lami na kupanda taratibu kati ya majabali, huingia Bujora, penye Makumbusho ya Wasukuma. Na akijaliwa kufika mwezi wa Juni, katika siku za Bulabo, sikukuu ya maua ambayo Padri David Clement aliifungamanisha na Sherehe ya Mwili na Damu ya Kristo, atazisikia ngoma za Bagika na Bagalu zikishindana mchana kutwa, atawaona wacheza nyoka mbele ya umati, na jua likishatua ataona jambo jingine lisilosimuliwa sana, nalo ni shida ya malazi. Wako wenye jamaa katika vijiji vya jirani, nao hukaribishwa. Wako waliochukua mahema na turubai. Na wako ambao, kama ilivyonipata mimi mwaka mmoja pamoja na mke wangu na watoto wetu wawili, hukunjana katika viti vya gari hata alfajiri, shingo zimekaza na vioo vimejaa matone ya pumzi zao wenyewe.

Usiku ule ulinipa swali ambalo sijaliacha tangu hapo. Je, yamkini familia ya watu wanne ikajengewa, kwa mikono ya mafundi wa hapa hapa, juu ya fremu ya tela la kawaida, chumba kidogo cha kulala ambacho gari dogo litakivuta bila taabu? Yamkini, walakini njia yake hupitia elimu ya uzito, ya joto, ya hewa na ya mizani, na nchi hii ya ziwani ina ushahidi mwingi wa elimu hiyo kwa kila mwenye kutazama.

Tela si mgeni Usukumani. Mikokoteni ya ng'ombe hufungwa ekseli na magurudumu ya magari makuukuu, na nyuma ya matrekta hupita matela ya pamba, ya mpunga na ya mawe ya kujengea. Lile la gari dogo ni jepesi zaidi: fremu ya chuma iliyochomelewa, ekseli moja, springi mbili, magurudumu mawili, na mbele shingo ndefu inayoishia katika kichwa kinachokaa juu ya tufe la chuma lililofungwa nyuma ya gari. Kosa ambalo mjenzi wa nyumba hulifanya apewapo fremu hii ni kuiona kuwa msingi, akaanza kujenga juu yake kama ajengavyo juu ya zege. Nyumba ya safari, kabla haijawa nyumba, ni mzigo, na mzigo una sheria zake ambazo wapagazi walizijua kabla ya wahandisi.

Sheria hizo zilidhihirika si mbali na Bujora, katika ufuko wa Ghuba ya Speke, kijijini Kageye. Hapo, tarehe 27 Februari 1875, aliwasili Henry Morton Stanley akitoka Bagamoyo kwa safari ya siku zaidi ya 100, na watu wa msafara wake walikuwa wamechukua mabegani, nyika kwa nyika, mashua nzima iitwayo Lady Alice, ya mbao za mierezi, urefu wake futi 40, iliyoundwa Uingereza kwa vipande vya kuunganishwa. Stanley alikuwa ameagiza vipande vyepesi. Alipoviweka katika mizani huko Unguja alistaajabu kuona kwamba vinne kati yake vilikuwa na ratili 280 kila kimoja, na cha tano kilikuwa na ratili 310. Tukihesabu kwa frasila, ambayo ni ratili 35 au yapata kilo 16, kila kipande kilitimia frasila 8 au kuzidi, ilhali mpagazi wa njia ile, Mnyamwezi au Msukuma, alichukua kwa desturi frasila 2. Ikabidi atafutwe seremala, jina lake Ferris, avikate na kuvipunguza hata vikawa mizigo ya kuchukulika. Pasipo kazi ile ya msumeno, mashua isingeliona ziwa kamwe, wala isingelizunguka ufukoni pote, kuanzia Machi hadi Mei mwaka ule, na kubainisha kwamba ni ziwa moja.

Miaka 10 baadaye, huko Uingereza, tabibu na mwandishi William Gordon Stables aliundiwa gari la kulala lililoitwa Wanderer, ambalo wengi hulihesabu kuwa la kwanza kuundwa kwa ajili ya matembezi ya starehe. Lilikuwa zuri kwa macho, la mbao za thamani, nalo lilikaribia tani 2, likahitaji farasi wawili wenye nguvu. Gari dogo la leo lina nguvu kupita farasi wale, lakini kuvuta ni jambo moja na kusimamisha ni jambo jingine. Ndiyo maana Ulaya tela lisilo na breki zake lenyewe halipewi ruhusa kuzidi kilo 750 pamoja na shehena yake, na ndiyo maana mwenye busara hukifungua kwanza kijitabu cha gari lake kuona kiasi ambacho waliolitengeneza wamekiridhia. Mimi nimejiwekea mpaka wa kilo 500, fremu, nyumba, magodoro, maji na vyombo vyote vikiwamo.

Basi hizo kilo zipunguzwe wapi? Ukutani. Chukua chumba cha urefu wa mita 2.44, upana wa mita 1.5 na kimo cha mita 1.22, urefu na kimo vikitokana na ukubwa wa plaiwudi iuzwayo madukani, ili mabaki ya kukata yawe machache. Kuta zake, paa na sakafu, pamoja, zina eneo la karibu mita mraba 17. Zikijengwa kwa mbao za misonobari, unene wa milimita 25, hesabu yake ni zaidi ya kilo 200, karibu nusu ya haki yetu yote, kabla ya mtu kuingiza hata mto wa kulalia.

Jawabu limeota ufukoni mwa ziwa. Kata shina moja la mafunjo ulitazame ndani: nje pana ganda jembamba lililo gumu, na ndani mna nyama laini iliyojaa hewa, karibu haina uzito; hata hivyo shina hilo husimama kimo cha watu wawili na kuinama mbele ya upepo bila ya kuvunjika. Sababu ni hii. Kitu kinapopindwa, upande mmoja wake hubanwa na upande wa pili hutanuliwa, na sehemu ya katikati haipati kazi kubwa ila kuzishika pande hizo mbili zisikaribiane wala zisiteleze. Kwa hiyo penye kazi pawekwe kilicho kigumu, na katikati pawekwe kilicho chepesi. Gundisha plaiwudi mbili za milimita 3, katikati yake pakiwa na povu gumu la milimita 25, ile takataka nyeupe inayofungiwa televisheni na majokofu: kwa nadharia, ukuta huo utakuwa mgumu kupindika zaidi ya mara 60 kuliko zile plaiwudi mbili zikigandamizwa pamoja bila ya povu, ilhali povu lenyewe limeongeza nusu kilo tu kwa kila mita mraba. Kuta zote, paa na sakafu huja yapata kilo 70. Lakini sharti gundi ishike kila mahali, kwa maana palipobaki pakavu ngozi huteleza, na ngozi ikiteleza nguvu yote hupotea. Si kila gundi inafaa, kwani ziko zinazoliyeyusha povu. Fundi na aijaribu kwanza juu ya kipande kidogo, akingoje hata kesho yake.

Kuta hizo zikishaungana pembeni kwa gundi na skrubu, huwa sanduku, na sanduku lililofungwa sawasawa halihitaji mifupa mingi, maana ngozi yake ndiyo mifupa. Siri hii ilitoka katika ndege. Hawley Bowlus, ambaye alisimamia uundaji wa ile ndege ya Charles Lindbergh iliyovuka Atlantiki mwaka 1927, aliunda mwaka 1934 nyumba ya kuvutwa ya bati la aluminiamu lililofungwa kwa ribiti, na baada ya miaka miwili kampuni ya Airstream ikaleta ya kwake, Clipper, kwa kanuni iyo hiyo. Mlango na madirisha ni majeraha katika ngozi; yawe machache, na pembe zake ziviringwe, kwa kuwa ufa hupenda kuanzia penye pembe kali.

Povu lile lina kazi ya pili. Bujora iko karibu digrii 2 na nusu kusini ya ikweta, na jua la adhuhuri humwaga karibu wati 1,000 juu ya kila mita mraba. Paa letu dogo basi hupigwa kwa nguvu ya pasi tatu za umeme zikiwaka pamoja. Rangi nyeupe huirudisha sehemu kubwa angani, na hewa iliyonaswa ndani ya povu huichelewesha iliyobaki. Aingiaye katika nyumba ya mviringo ya Kisukuma pale makumbushoni huipata hekima hiyo hiyo: paa la nyasi ni nene, limejaa hewa tulivu, na mtu aliyetoka juani huhisi amebadilishiwa nchi.

Walakini nyasi zina fadhila moja ambayo povu halina, nayo ni kupumua. Hapa nawasihi wasomaji wawe na hadhari, kwani ndipo penye hatari kubwa kuliko zote. Chumba chetu kina ujazo wa mita za ujazo 4 na nusu tu. Watu wanne waliolala hutoa, kwa makadirio, lita 45 za kabonidioksaidi kwa saa, wazazi zaidi na watoto pungufu. Kikizibwa kabisa, saa moja tu yatosha kuifikisha hewa hiyo asilimia 1, ilhali nje ni sehemu 4 hivi katika 10,000. Kichwa huuma, usingizi huwa mzito wa uchovu, na maji ya pumzi, ambayo kwa usiku mzima si haba, hugeuka matone juu ya kuta na baada ya siku chache huwa ukungu katika magodoro. Dawa yake ni matundu mawili, moja chini upande wa upepo na moja juu kabisa upande wa pili, yasiyozibika, yenye wavu wa kuzuia mbu. Hewa yenye joto la miili hupanda na kutoka, na hewa baridi ya usiku huingia kushika nafasi yake. Na jiko la mkaa lisiingizwe humo kamwe, hata likionekana limezimika, hata mvua ikinyesha, maana kabonimonoksaidi haina harufu wala rangi, na aliyelala haimwamshi.

Juu ya springi nitasema machache. Tela lililoundwa kubeba tani 1 ya mawe lina springi ngumu, na likiwekewa nyumba ya kilo chache halinesi bali hurukaruka, likizikung'uta gundi na skrubu mpaka zilegee. Springi za chuma za tabaka hupunguzwa tabaka moja au mbili na fundi ajuaye, na upepo wa magurudumu nao hulinganishwa na uzito mpya.

Linabaki jambo la ulinganifu. Uzito ukizidi nyuma ya ekseli, kichwa cha tela hulinyanyua gari, na mwendo ukikaza tela huanza kuyumba kushoto na kulia mithili ya tiara lisilo na mkia. Upepo wa basi la Musoma lipitalo kwa kasi watosha kuanzisha mtikisiko huo, na kupita kasi fulani kila myumbo huwa mkubwa kuliko uliotangulia. Dereva akifikwa na hayo aondoe mguu katika mafuta, ashike usukani bila kushindana nao. Lakini kinga iliyo bora hufanyika nyumbani: kichwa cha tela kibebe sehemu 10 hadi 15 katika kila 100 za uzito wote, ambazo kwa kilo 500 ni kilo 50 hadi 75.

Kupima hakuhitaji chombo cha kuagizwa ng'ambo. Wakulima wa pamba wa Usukuma, waliojiunga katika ushirika mwanzoni mwa miaka ya 1950 kwa sababu ya kupunjwa katika mizani, walijua kwamba uzito usiopimwa na mwenyewe ni uzito wa mtu mwingine. Na mizani ya mnunuzi wa mpunga pale Kisesa yatosha kabisa. Tela lipakiwe kama la safari, magodoro, sufuria, unga, madumu ya maji na yote, lisimame sawa juu ya ardhi tambarare, magurudumu yazuiwe kwa mawe, na kichwa chake kilazwe juu ya mizani. Ikiwa kutoka kichwani hadi kwenye ekseli ni mita 2 na nusu, basi dumu la lita 20 likisogezwa mbele kwa mita 1 huongeza kilo 8 kichwani, na likirudishwa nyuma huzipunguza hizo hizo. Mshale ukisema 42, madumu yasogee mbele. Ukisema 90, yarudi nyuma. Na ukitulia katika 60, funga kichwa juu ya tufe lake, kagua minyororo na taa, uwapandishe watoto garini kabla jua halijakaza.