Keki ya Sardinia na plamu zinazooza Mbeya, Iringa

KATIKA miezi ya mwanzo wa mwaka, plamu na pichi hujaa katika masoko ya Mbeya na Iringa kwa wakati mmoja. Asubuhi ndoo ina bei yake. Jioni muuzaji anaishusha, na kesho yake matunda yameanza kuvuja maji huku nzi wakiyazunguka. Mkulima aliyelipa nauli kutoka kijijini hana la kufanya ila kukubali bei yoyote.

Ushauri anaopewa mara nyingi ni kukausha matunda juani. Ni ushauri mzuri kwa ndizi za Rungwe, ambazo zinapatikana mwaka mzima na zinaweza kusubiri kiangazi cha Juni hadi Oktoba. Kwa plamu haufai sana, kwani zao hilo huiva mvua zikiwa zimekolea, na atakayeanika atavuna ukungu.

Njia nyingine inatumiwa na wakulima wa Sardinia, kisiwa cha Italia ambacho kwa ukubwa ni cha pili katika Bahari ya Mediterania baada ya Sicily. Huko kuna keki ya matunda na njugu iitwayo pan'e saba, maana yake mkate wa saba. Saba hapa si namba. Ni asali nzito inayopatikana kwa kuchemsha maji ya zabibu mbichi kwa moto mdogo, saa nyingi, hadi ibaki kama theluthi moja. Warumi wa kale walikuwa wakichemsha hivyo hivyo.

Watu wa kisiwa hicho hawakuanza kwa kutafuta anasa. Sukari ilikuwa ghali kwa mkulima, zabibu zilikuwa shambani. Asali hiyo hukandwa na unga wa ngano, zabibu kavu, lozi, jozi, maganda ya chungwa na viungo, kisha keki huokwa na kupakwa asali hiyo juu ikiwa bado ya moto. Huliwa hasa Sikukuu ya Watakatifu Wote, Novemba 1, na wakati wa Krismasi. Ni nzito na nyeusi, hivyo hukaa muda mrefu kuliko keki laini ya mayai na maziwa. Wanaokosa zabibu hutumia hata tunda la mpungate, ule mmea wa miiba.

Hapo ndipo penye faida kwa Nyanda za Juu Kusini. Kuchemsha hakungoji jua. Ndoo ya lita 20 ya maji ya plamu, ikipungua hadi theluthi, inabaki lita sita au saba zinazoweza kufungwa kwenye chupa safi zilizochemshwa. Sufuria iwe ya chuma kisichoshika kutu, maana plamu zina uchachu unaokula alumini. Moto uwe mdogo mwishoni, la sivyo asali huungua na kuwa chungu.

Gharama kubwa ni kuni. Anayekata miti kuchemshia plamu anaweza kula faida yote jikoni. Wakazi wa Mufindi, wenye msitu wa Sao Hill na mashine nyingi za mbao, wana nafuu kwa kuwa vumbi na mabaki ya mbao yako karibu nao.

Vitu vingine si vya kuagiza mbali. Ngano inalimwa Makete na katika milima ya Uporoto. Asali ya nyuki ipo. Zabibu kavu zinaweza kutafutwa Dodoma, ambako zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka na barabara ya lami kupitia Mtera inafika Iringa. Lozi na jozi ni ghali, lakini karanga ipo, na korosho kwa mteja mwenye uwezo.

Karanga ndiyo inayoweza kuharibu biashara nzima. Ikivunwa na kuhifadhiwa na unyevu huota kuvu wanaotoa sumukuvu, na sumu hiyo haiishi kwa kukaanga wala kuoka. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara, chanzo kikiwa mahindi. Kiwango cha juu kinachoruhusiwa katika viwango vya Afrika Mashariki ni maikrogramu 10 kwa kilo. Muokaji anunue karanga zilizokaushwa vizuri, azichambue kwa mkono na kutupa zilizosinyaa, zilizovunjika na zenye rangi ya kijani au nyeusi. Mbovu zisipelekwe kwa kuku wala kusagwa siagi. Zitupwe kabisa.

Anayetaka kuuza madukani atahitaji alama ya ubora ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS), ambalo tangu mwaka 2019 ndilo linalosimamia pia usalama wa chakula. Wajasiriamali wadogo wanashauriwa kuanzia ofisi za SIDO za mkoa, ambazo hutoa mafunzo ya usindikaji na kuwaelekeza TBS.

Mpangilio wa mwaka nao unakubali. Plamu zichemshwe Januari na Februari, karanga mpya zinunuliwe zikishakauka baada ya mvua, na uokaji uanze kiangazi, msimu wa harusi na kipaimara. Chupa zitakazobaki zitatosha keki za Krismasi, kabla plamu mpya hazijajaa sokoni.