Utani wa runinga uliomwandama Jason Lee

KIPINDI cha Fantasy Football League kilianza kupeperushwa na runinga ya BBC nchini Uingereza mnamo 1994. Wachekeshaji Frank Skinner na David Baddiel waliketi sofani na wageni mashuhuri waliounda timu za kubuni kwa kuteua wachezaji halisi wa Ligi Kuu, kisha wakajizolea pointi kulingana na matokeo ya uwanjani.

Wanasoka wenyewe ndio waliogeuzwa kichekesho. Aliyeumia zaidi ni Jason Lee, mshambulizi mweusi wa Nottingham Forest aliyezoea kufunga rasta zake utosini. Katika msimu wa 1995/96, Baddiel alijipaka rangi nyeusi usoni na kujitwika nanasi ili kumwigiza.

Kumkejeli mshambulizi anayepoteza nafasi za kufunga ni desturi ya kabumbu tangu jadi. Kumcheka kwa maumbile yake ni jambo jingine kabisa. Utani huo ulitoka studioni ukaingia viwanjani, mashabiki wa timu pinzani wakautungia wimbo, na Lee akawa anaimbiwa nanasi kila alikokwenda kucheza.

Baddiel alimwomba radhi ana kwa ana mnamo 2022, akiandaa filamu ya runinga kuhusu chuki dhidi ya Wayahudi, jamii yake mwenyewe. Lee alikuwa amesubiri zaidi ya miaka 25.