Kindu: Mbele ya kupanda maracuja, simamisha kwanza kichanja

Katika muji wa Kindu, jimbo la Maniema, mvua inapunguka kuanzia mwezi wa Juni mpaka Agosti, kisha inarudi na nguvu Septemba. Kwa mutu mwenye anataka kuwa na maracuja katika parsele yake, hiyo miezi ya ukame ni ya maana sana kuliko siku yenyewe ya kupanda. Ni wakati wa kusimamisha kichanja: nguzo za miti na waya juu yake, fasi mumea utapanda na kutandaa.

Mara nyingi mambo yanafanyika kinyume. Mutu anakula tunda, anatupa mbegu karibu na ukuta, mumea unaota. Unakamata mabati ya nyumba ao unapanda kwenye muembe. Nyuma ya miezi sita majani yamekuwa mengi, ndipo mwenyewe anakata miti mbili tatu na kuisimamisha haraka. Maua yanakuja, matunda yanajaa. Kisha usiku mumoja mvua inapiga pamoja na upepo, na asubuhi kila kitu kiko chini. Shina yenye imevunjika haiungwe tena. Mwaka muzima umepotea, na kazi inaanza upya.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza ni nyepesi: kichanja kinajengwa mbele, mumea unakuja nyuma.

Sababu gani maracuja na hapana muzabibu

Wengine wanauliza kama kichanja hicho kinaweza kubeba muzabibu. Kinaweza, kwa kuwa mimea hiyo miwili inapanda kwa kujikamata na vikono vyake vidogo. Lakini hali ya hewa ya Kindu haipendelee zabibu. Katika inchi jirani ya Tanzania, zabibu zinalimwa sana Dodoma, kwenye mvua ni kidogo na kiangazi ni kirefu, na wakulima wa kule wanaweza kuvuna mara 2 kwa mwaka. Kindu inapata mvua zaidi ya mara mbili ya ile ya Dodoma. Katika unyevu kama huo, ugonjwa wa ukungu unashika majani ya zabibu na vishada vinaoza mbele ya kuiva.

Maracuja ni tofauti, lakini inaomba kuchagua vizuri. Ile ya rangi ya zambarau inapenda baridi ya milima, kama ya Lubero. Kindu iko chini, karibu metre 500 tu juu ya bahari, na joto ni mingi. Hapa yenye kufaa ni maracuja ya manjano.

Namna ya kusimamisha nguzo

Kwa parsele ya kawaida, mustari wa metre 6 unatosha kwa mimea 2. Unahitaji nguzo 3 zenye urefu wa metre 2 na nusu ao zaidi kidogo, miti 2 ya kuegemeza, na waya munene wa metre 8 hivi, ule wenye wengi wanaita fildefere.

Chimba mashimo 3, moja kila metre 3, yenye kina cha sentimetre 60. Weka nguzo, jaza udongo kidogo kidogo huku unaushindilia kwa muti. Usijaze yote mara moja na kukanyaga juu tu, sababu chini itabaki laini na mvua ya kwanza italegeza nguzo. Juu ya udongo inapaswa kubaki karibu metre 2. Hicho ndicho kimo mutu muzima anaweza kufikia kwa mukono, na tutaona chini sababu gani ni ya lazima.

Penye watu wengi wanakosea ni kwenye nguzo za mwisho. Nguzo ya katikati inabeba tu uzito wenye kushuka. Lakini zile mbili za pembeni zinavutwa na waya kuelekea ndani, na kadiri matunda yanaongezeka, ndivyo zinavutwa zaidi. Kama zinainama, mustari wote unalegea. Kwa hiyo egemeza kila moja kwa muti wenye kulala mushazari upande wa ndani: kichwa chake kinasukuma nguzo karibu na juu, na muguu wake unakaa juu ya jiwe pana lenye limezikwa, metre moja na nusu kutoka kwa nguzo. Kisha ndipo unafunga waya kwenye vichwa vya nguzo na kuikaza.

Kama waya ni bei kali, kamba za pori zenye watu wanatumikisha kwa kufunga nyumba zinaweza kusaidia, lakini zinaoza upesi na zinaomba kubadilishwa mara kwa mara. Mianzi pia inafaa juu, lakini isizikwe kama nguzo.

Muchwa na unyevu

Adui mukubwa wa nguzo ni muchwa na kuoza. Chagua muti mugumu, na utoe maganda yake yote. Kuchoma kidogo sehemu yenye itazikwa, mpaka inakuwa nyeusi inje, kunachelewesha kuoza, hata kama hakuzuii milele. Mafuta ya vidange yenye wengine wanapakaa si muzuri karibu na mumea wa kula, kwa kuwa yanaingia katika udongo.

Njia ingine ni kupanda nguzo yenye uzima: kipande kinene cha moringa kinaweza kuota mizizi, na muti wenye kuishi hauoze kama ule wenye umekauka. Lakini unapaswa kukata matawi yake kila mara ili yasifunike maracuja, na kuupatia mwaka wa kujikaza mbele ya kuufungia waya.

Kuongoza mumea

Panda mbegu katika sashe mwezi wa Juni, wakati unaanza kutafuta miti. Septemba, miche inaingia katika udongo, mumoja katikati ya kila nguzo mbili. Weka mavi ya mbuzi yenye yameoza katika shimo na uinue udongo kidogo, sababu maracuja inakufa kama maji inasimama kwenye mizizi yake.

Funga kamba kutoka kwa muche mpaka kwenye waya. Acha shina moja tu ipande, na uondoe vichipukizi vya pembeni. Wakati inafikia waya, kata ncha yake. Itatoa matawi mawili, moja utaielekeza kuume, ingine kushoto. Matawi madogo yatashuka kama pazia, na ndiyo yatabeba matunda. Nyuma ya mavuno, yafupishe, kwa kuwa maua yanatokea kwenye matawi mapya. Usiache majani yalundikane: penye hewa haipite, ugonjwa unaingia.

Usiue nyuki mweusi

Maracuja ya manjano iko na siri moja. Ua lake halizai kwa unga wa mumea wake mwenyewe. Linahitaji unga kutoka mumea mwingine. Ndiyo sababu tunapanda miwili, na mbegu zitoke katika matunda ya mimea tofauti. Maua yanafunguka karibu saa sita ya muchana na kufunga usiku. Mwenye kuyafaa zaidi ni yule nyuki mukubwa mweusi mwenye kutoboa miti mikavu. Watu wanamufukuza sababu anaharibu miti ya nyumba. Afazali umuachie kigogo kikavu karibu na kichanja.

Kama haonekane, fanya kazi yake: muchana, gusa unga wa ua la mumea mumoja na upakae kwenye ua la mwingine. Hapo ndipo kimo cha metre 2 kinaonyesha maana yake. Maua yenye yako juu ya mabati hakuna mwenye atayafikia.

Amani na jirani

Mwishowe, acha metre 2 kati ya kichanja na lupango. Maracuja ya manjano inaanguka yenyewe wakati imeiva, na tunda lenye limeanguka katika parsele ya jirani linaleta maneno. Safisha chini ya mustari, na uokote kila asubuhi.

Mumea wenye umetunzwa unaweza kuzaa nyuma ya miezi 9 mpaka 12. Mwenye atasimamisha nguzo katika ukame huu anaweza kukunywa juisi ya parsele yake katika ukame wenye kufuata.