Vitshumbi: Mnyororo mkavu wa baiskeli unaweza kuozesha samaki njiani

Samaki hangoji. Akisha kutolewa katika ziwa Edouard, mchuuzi wa Vitshumbi anaanza kuhesabu saa, na kwa yule anayebeba mzigo wake kwa baiskeli, saa hizo zinategemea kitu ambacho wengi hawakiangalii mpaka kikatike: mnyororo.

Kambi hiyo ya wavuvi, wilayani Rutshuru, iko ndani ya Hifadhi ya Virunga. Kutoka huko hadi barabara ya taifa namba 2 ni tambarare ya Rwindi, na ukielekea kaskazini unakutana na mlima wa Kanyabayonga. Kukwama katikati ya hifadhi si jambo dogo. Kuna tembo, nyati na simba, na raia wa eneo hili wanajua pia hatari ya watu wenye silaha.

Adui wa mnyororo ni vumbi. Linaingia kati ya pini na viungo, linachanganyika na mafuta na kuwa kama msasa. Maji ya samaki wa chumvi yakidondoka juu yake, kutu inafuata haraka.

Wengi hupaka mafuta ya vidanje, yale meusi yanayotolewa katika injini ya gari au pikipiki, kwa sababu ni ya bure au bei yake ni ndogo. Lakini yana uchafu na vipande vidogo vya chuma, na vumbi linayapenda sana. Mawese nayo hayafai: yanaganda na kunata. Heri mafuta mapya ya injini, hata kidogo tu.

Kazi yenyewe haichukui muda mrefu. Pindua baiskeli, sugua mnyororo kwa mswaki wa zamani uliochovywa katika mafuta ya taa, kisha upanguse kwa kitambaa na kuuacha ukauke kabisa. Usifanye hivyo kando ya ziwa, pale watu wanapochota maji. Halafu tia tone moja moja juu ya kila kiungo, upande wa ndani, huku ukizungusha pedali polepole. Subiri dakika chache, kisha pangusa tena. Hapa ndipo wengi wanakosea: mafuta yanayohitajika ni yale yaliyoingia ndani. Yanayobaki juu yanakusanya vumbi tu.

Kama mnyororo umefunguliwa, angalia kibanio kidogo cha kiungo cha kufungia. Kikiwa sehemu ya juu ya mnyororo, upande wake usio na mwanya utazame mbele ya baiskeli. Ukikigeuza, kinaweza kuchomoka njiani. Ukisha kufunga, mnyororo ucheze kama sentimita moja hadi mbili, si zaidi.

Wenye chukudu hawana shida hiyo, maana chombo chao cha mbao hakina mnyororo. Ila kwenye tambarare hawana pedali ya kuwasaidia.

Kujua kama mnyororo umechoka, rula inatosha. Pima toka pini moja, hesabu nafasi 24 kati ya pini na pini. Mnyororo mpya unatoa sentimita 30,5 hivi. Ukifika 30,8, mafuta hayasaidii tena: ubadilishwe kabla haujala meno ya gurudumu, kwani hayo nayo yananunuliwa.